Abigaili Hakumlisha Daudi Limbwata

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimelemewa na jambo lililotokea katika kikao cha wanaume kanisani kwetu hapa Tabata. Ndugu mmoja alieleza kwamba alitaka kuchukua mkopo aongeze mtaji, mkewe akamsihi asubiri, naye akamsikiliza. Wenzetu wakaguna. Mmoja akamwambia, "Kaka, umelishwa limbwata." Watu wakacheka, ndugu yule akainamisha kichwa.

Limeniuma kwa sababu nami nimekulia katika maneno hayohayo. Hadi leo mke wangu akinipinga mbele za watu, hasira hunipanda kabla sijajua kama anasema kweli. Ninaomba neema kila siku.

Hebu soma tena 1 Samweli 25. Daudi, yule aliyemuua Goliathi, amenyimwa chakula na kudharauliwa na Nabali. Anajifunga upanga, watu wapatao 400 wanamfuata, na ameapa kwamba hadi asubuhi hatasalia mwanamume hata mmoja kwa Nabali. Njiani anakutana na Abigaili, mke wa Nabali, na punda waliobeba mikate 200. Mama yule hana upanga. Anamweleza kwamba damu hii itakuja kuwa kwazo moyoni mwake Bwana atakapomtawaza. Daudi anamshukuru Mungu, anambariki yule mwanamke, anarudi. Na anarudi mbele ya vijana wake wote waliokuwa tayari kupigana! Mithali 16:32 inamweka mtu wa namna hiyo juu ya atekaye mji.

Sasa mtazame Nabali. Mtumishi wake mwenyewe alisema hakuna mtu awezaye kusema naye. Baba, kwako je, mtu anaweza kusema nawe? Au watoto wakisikia geti linafunguliwa wanakimbilia chumbani? Mkeo akitaka kukukumbusha kodi ya nyumba, mpaka apitie kwa mshenga? Unaomba kwa sauti kuu kanisani, halafu nyumbani wanapima kwanza sura yako ndipo waongee. Huo si uanaume, ndugu yangu, hata kama mtaa mzima unakuheshimu. Na kama umefika mahali pa kuinua mkono, tubu leo. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haikupi haki ya kumpiga mwenzi wako. Itakuwaje aliyeokoka ajiruhusu?

Kina mama, nanyi mnaomwambia kijana wenu "mkeo anakupelekesha," mwogopeni Mungu.

Ukifika nyumbani leo, hata kama foleni ya Mandela imekumaliza, kaa chini umuulize mkeo: kuna jambo gani umekuwa ukiogopa kuniambia? Kisha nyamaza, msikilize mpaka amalize. Usijitetee.

Na wewe ndugu uliyechekwa, tafadhali usiache kuja kikaoni. Tunakuhitaji uwafundishe vijana wetu wanaojiandaa kuoa.