Siku Dhegdheer Alipoingia Riverside

Juzi usiku yule binti wa mlango wa pili, ambaye siku hizi ni mama mtarajiwa, kanitumia ujumbe wa sauti. Nusu Kisomali, nusu Kiingereza, na katikati "habaryar, habaryar", yaani mama mdogo, za kunibembeleza. Anaitaka ile rekodi ya Ayeeyo, bibi yake. Mtoto akizaliwa, anasema, amsikie.

Sina. Niliyokuwa nayo ilikuwa sidii, ikapotea nilipohama. Na hata ningekuwa nayo, isingekuwa ile anayoikumbuka yeye.

Ilikuwa majira ya baridi ya 2008, Minneapolis, kwenye yale maghorofa ya Cedar-Riverside yenye vibao vya rangi rangi. Ayeeyo alitoka Kismayo, akavukia Liboi mpakani mwa Kenya, akakaa kambi ya wakimbizi ya Ifo kule Dadaab hadi wajukuu wa kwanza wakazaliwa, ndipo wakaletwa kwenye theluji. Kiswahili alikuwa nacho cha mafungu mawili: cha majirani zake Wabajuni wa Kismayo, kitamu hicho, na cha kugombana na wauza kuni wa kambini, ambacho hakiandikiki hapa. Mimi wa Likoni nilimwita Ayeeyo, naye akiniita ayeeyo vile vile, maana Wasomali ndivyo wanavyoitana, bibi humrudishia mjukuu jina lile lile. Binti yake alifanya kazi zamu za usiku, kwa hiyo jioni nyingi nilikuwa pale, nakunywa chai yake ya iliki na karafuu, nguo zangu zikinuka uunsi, ubani wao, mpaka kazini wananiuliza.

Wajukuu walikuwa na ratiba ya mawaziri. Shule ya Kiingereza wiki nzima, mwisho wa wiki dugsi, Qurani. Kisomali kikabakia cha "leta", "acha", "kula", "lala". Ayeeyo alikuwa na boksi la viatu limejaa kaseti, gabay, yaani mashairi yao, na barua za sauti za ndugu waliotawanyika, maana watu hawa walikuwa wakitumiana mashairi kwa kaseti zamani sana kabla ya simu hizi zetu. Kusoma alijua. Serikali ilipoamua mwaka 1972 kwamba Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini, madarasa ya watu wazima yalifunguliwa mijini, naye akaingia. Ila herufi zake zilikuwa za barua na za madeni ya duka. Hadithi hakuwahi kuandika hata moja, na ukimwuliza anakuangalia kama umemwambia aandike pilau.

Basi akaja kijana Mmarekani, mwanafunzi wa chuo, mpole, amejifunza Kisomali kizuri cha vitabuni. Anakusanya hadithi za wazee kabla hazijapotea. Kinasa sauti chake kilikuwa kidogo kuliko kiberiti cha jikoni; akakiweka juu ya sahani iliyogeuzwa, kati ya halua na chetezo. Akaomba runinga izimwe. Mvulana mkubwa akaizima, akaendelea na gemu la mkononi. Yule binti wa ujumbe wa sauti, miaka minane hivi wakati huo, alikuwa amelala kifudifudi anachora. Kijana akabonyeza, taa nyekundu ikawaka, akampa Ayeeyo ishara ya dole gumba.

"Sheeko sheeko," akasema Ayeeyo.

Kijana akatikisa kichwa kwa heshima.

Ayeeyo akangoja. "Sheeko sheeko."

Kimya. Kijana alishafundishwa kwamba anayerekodi haingizi sauti yake. Binti anachora. Gemu linalia pii, pii. Mimi nikaona uso wa Ayeeyo ukianza kufunga, ule uso wa mtu aliyebisha hodi na kusikia watu ndani wakinyamaza. Akasema mara ya tatu, sasa kwa ukali, na mdomo wangu, ambao bibi yangu wa Likoni aliufundisha kabla akili haijaota, ukajibu wenyewe:

"Pakawa!"

Kijana akaruka. Ayeeyo akanigeukia taratibu, mwili mzima. "Kumbe nyumba hii ina mtu," akasema kwa Kiswahili. Kisha akanisahihisha: "Sema sheeko xariir." Nikasema. Akanirudisha tena mpaka ile *x* ikatoka kooni inavyotakiwa, halafu akaanza.

Akaanza akiniangalia mimi. Kisomali, lakini kila hatua tatu anatua na kunitilia Kiswahili nisiachwe nyuma: palikuwa na mwanamke mla watu, unasikia ayeeyo, jina lake Dhegdheer, ana sikio moja refu, anasikia nyayo za mtu aliye mbali, mwendo wa siku nzima. Kijana akaomba radhi, akauliza kama inawezekana iwe Kisomali kitupu. Ayeeyo hata hakumtazama. "Mwambie huyu, aliyenijibu ndiye ninayemsimulia."

Na hapo akafanya jambo ambalo kinasa sauti hakikuliona. Akaishika ncha ya garbasaar yake, ile shali ya kichwani, akaivuta kutoka ubavuni mwa kichwa, ikawa sikio. Akalilaza sikio juu ya zulia na kuliburura polepole, kitambaa kikikwaruza, likapita mbele ya halua, likapita kwenye karatasi ya binti, likaenda moja kwa moja kuelekea miguu ya mvulana. Hatua zinasikika, akanong'ona. Mvulana akapandisha miguu kwenye kochi. Gemu lilikuwa limeanguka, sijui saa ngapi. Binti akauliza kwa Kiingereza, amesema nini? Ayeeyo akamjibu kwa Kisomali, neno moja moja. Ikawa hivyo mpaka Dhegdheer akafa na nchi ikapata amani.

Sidii ilipokuja miezi baadaye, inaanza Dhegdheer akiwa tayari yuko nyikani. Hakuna sheeko sheeko, hakuna ngoja ngoja, Kiswahili chote kimekatwa, na mimi nimekatwa. Ni kazi safi, sikatai. Kwa wanafunzi wa chuo labda ndivyo inavyotakiwa. Ayeeyo aliisikiliza mara moja akauliza huyu anayesema anazungumza na nani. Ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na kijana sijui yuko wapi, na swali hilo sikuwahi kulipatia jibu.

Lakini siku ile hakumwachia aondoke. Alipokuwa anakunja nyaya zake akamwambia: umekunywa chai yangu, umebeba hadithi yangu, sasa lete yako. Kijana akawa mwekundu. Mwisho akasema anayo moja ya babu yake, ya kuvua samaki. Akataka kuingia tu. Ayeeyo akamzuia kwa mkono: mlango!

"Sheko sheko," akasema kijana.

Wale watoto wawili wakaanguka kwa kicheko, wakapiga kelele kwa pamoja, "Sheko hariiir!", kwa lafudhi yake kabisa, wakimwigiza. Mpaka leo sijui nihesabu vipi: wamejifunza, au wamemdhihaki mgeni. Ayeeyo akapiga zulia kwa kiganja, akawafokea, akamwambia kijana aendelee. Akaendelea vizuri hadi mahali ambapo babu yake, wakati wa baridi, aliendesha gari juu ya ziwa.

"Juu ya ziwa?" Ayeeyo akanigeukia. "Huyu mwongo. Hata Dhegdheer hakufika huko."