Shule iliyonilea: niliyoyakuta Malindi baada ya miaka ya Doha

Nimerudi Malindi baada ya kufanya kazi Doha kwa miaka mingi, na jambo la kwanza nililokabidhiwa na familia ni la mpwa wangu, ambaye anakaribia kuanza Gredi ya 1. Dada yangu anataka tushauriane kama tumwandikishe katika shule ya msingi ya Kikatoliki tuliyosoma sisi wenyewe. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaingia madarasani, nikazungumza na walimu na pia na wazazi wanaongoja watoto langoni. Jina la shule sitalitaja, kwa kuwa mengi niliyoyaona hayaihusu shule moja peke yake.

Naanza na malezi, kwa sababu hapo ndipo shule hii ina nguvu yake. Asubuhi niliyofika mapema, mwalimu wa zamu alikuwa langoni akiwapokea watoto, na mmoja wao, msichana wa Gredi ya 3, aliulizwa kwa upole mbona jana hakuonekana. Akajibu kwa Kigiriama kwamba alibaki nyumbani na mdogo wake kwa kuwa mama alikwenda kuteka maji. Mwalimu alimjibu kwa Kigiriama hicho hicho, akaandika neno katika daftari lake, na kabla ya mapumziko alikuwa ameshampigia simu mama kuuliza kama kuna msaada unaohitajika. Aliyesoma zama zetu ataelewa kwa nini nilisimama nikitazama: sisi tulivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani, na jioni aliyekuwa nacho alichapwa. Viboko vimepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, lakini sheria peke yake haimfundishi mwalimu kuuliza kwa upole. Hilo limetokana na juhudi za walimu wa pale, wakiwemo masista waliokaa nao miaka yote, na nawashukuru kwa dhati. Chakula cha mchana nacho kinaendelea kupikwa, pure ya mahindi na maharagwe, na walimu wananiambia kwamba wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023 wapo watoto waliokuja shuleni kwa sababu ya sahani hiyo.

Sisi ni Waislamu, na watu huko nje waliniuliza mara nyingi ilikuwaje mzazi wangu akanipeleka kwa mapadri. Malindi swali hilo haliulizwi sana. Watoto wa dini zote wamekaa dawati moja katika shule hizi tangu kabla ya mwaka 2000, lilipoundwa Jimbo Katoliki la Malindi ambalo eneo lake linafika Tana River na Lamu, na Ijumaa tuliruhusiwa kwenda msikitini bila maneno. Ruhusa hiyo ingalipo. Kilichopungua ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu: zamani ustadhi mmoja wa mtaani alikuja kutufundisha, ila sasa, wenzao wanaposoma Elimu ya Dini ya Kikristo, watoto wa Kiislamu hukaa chini ya mwarobaini na madaftari yao wakingoja kipindi kiishe. Sheria ile ile ya 2013 inampa mdhamini wa shule, ambaye hapa ni Kanisa, jukumu la kukuza maisha ya kiroho huku akilinda imani za wasio wa dhehebu lake, na sidhani kumwacha mtoto bila somo kunatosha kuitwa ulinzi. Wazazi wa Kiislamu nao wasijitoe lawamani, kwani hakuna aliyeniambia kwamba amewahi kulipeleka suala hili mbele ya bodi ya shule.

Hata hivyo, lililonisumbua zaidi ni kusoma. Katika ofisi ya mwalimu mkuu kuna ubao mkubwa wa wastani wa alama za KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, mwaka baada ya mwaka, unaoishia 2023, mtihani huo ulipofanywa kwa mara ya mwisho. Mtihani umekwisha, lakini mwendo wake umebaki darasani. Katika Gredi ya 2 mvulana mmoja alinisomea ukurasa mzima wa hadithi bila kukwama, sauti yake ikipanda na kushuka vizuri, huku kidole chake kikiwa mistari miwili nyuma ya maneno aliyoyatamka. Nilipofungua ukurasa mwingine na kumwomba anisomee sentensi moja fupi, alinyamaza. Alikuwa amekariri, na alikariri kwa sababu darasa zima husoma kwa kuitikiana baada ya mwalimu, kama tulivyofanya sisi tukijiandaa kwa maswali ya kuchagua jibu. Mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, unamtaka mwalimu ampime kila mtoto kwa anachoweza kukifanya. Darasa lililojaa hulifanya jambo hilo kuwa gumu, nami simlaumu mwalimu aliye peke yake; lakini shule inayojua ni mtoto gani amebaki nyumbani kulea mdogo wake inaweza pia kujua ni nani hawezi kusoma.

Kuhusu sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, iliyowekwa ndani ya shule za msingi tangu 2023, niseme machache: walimu wa sayansi wapo, maabara hakuna, na hili bodi hailiwezi bila serikali. Michango ya wazazi ni jambo dogo kulirekebisha. Ibandikwe hesabu yake ukutani kila muhula, na manung'uniko ya langoni yatapungua.

Mpwa wangu tumeamua kumwandikisha. Nimemwomba mwalimu mkuu nafasi ya kuzungumza katika mkutano ujao wa wazazi, na nimekubaliana na wenzangu wanne tuliosoma pamoja kwamba tutajitolea kukaa na watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 mmoja mmoja, kila mtoto asome sentensi asiyoijua, na matokeo yaandikwe katika daftari la mwalimu wa darasa. Suala la ustadhi nitaliwasilisha siku hiyo hiyo, pamoja na wazazi watatu ambao wamekubali kutia saini.