Uvunguni mwa C10

Juzi binti yangu alifungua mlango wa pikapu, akaziba pua, akauliza, "Baba, kwa nini gari hili linanuka petroli ndani, nje halinuki?"

Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani. Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972 zina tangi ndani ya kebini, nyuma ya kiti: galoni 20 hivi, yaani kama lita 75 za petroli mgongoni kwa dereva. Mdomo wa kujazia unatokea ubavuni, nyuma ya mlango wa dereva, na pale unapopenya bati kuna mpira. Mpira huo ukikauka, au gasketi ya kifaa cha geji kilicho juu ya tangi ikipasuka, mvuke unaingia moja kwa moja mnapokaa. Si lazima tangi liwe limetoboka. Wapo wanaonunua tangi jipya, wakalifunga na mpira ule ule wa zamani, na harufu ikabaki pale pale.

Nilimweleza hivyo. Lakini akili yangu ilikuwa imeshakwenda West Texas, siku tuliyoinunua.

Nilikuwa na shemeji yangu. Asubuhi ile tulikuwa tumeanzia Lubbock mjini kwenye C10 nyingine, nyekundu, inang'aa, rimu mpya, na yeye alishaanza kuuliza bei ya kuibeba. Nikatoa sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi. Mlangoni ikang'ang'ania. Nikaishusha taratibu hadi pembe ya chini ya kebini, nyuma ya mlango, ikadondoka. Upande wa pili, vivyo hivyo. Lile lilikuwa puti lililopigwa msasa na kupakwa rangi, na chini yake hujui kama kuna bati au hewa.

"Shemeji, rangi kama ile unaiacha?" akauliza.

"Rangi tutapiga wenyewe, shemeji," nikamjibu. "Bati tutalitoa wapi?"

Bati ndilo tulilolifuata kule. Majimbo ya kaskazini, Ohio na Minnesota, humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hula gari kutoka chini kwenda juu. Nyanda kavu za West Texas, New Mexico na Arizona zina ugonjwa mwingine: jua. Jua linapasua dashibodi, linachana kiti, linageuza mipira ya vioo kuwa unga, linachoma rangi ya paa na boneti hadi chuma kibaki uchi. Vyote hivyo vinauzwa vipya, maana C10 ni kati ya pikapu za zamani zenye vipuri vipya vingi zaidi Marekani. Hata pembe za kebini zinauzwa. Ila kuzichomelea vizuri ni kazi nyingine, na fundi bodi anayejua kazi ile ana haki ya kudai bei yake.

Ya pili ilikuwa kwenye shamba la pamba, njia ya Plainview. Nyeupe, paa limeshika kutu nyembamba ya juu juu, matairi yameisha upepo. Mzee mwenye shamba alitusalimu, akafungua boneti, akasema injini ni V8, yaani ya silinda nane, ujazo wa inchi 350, na gari ni la 1969. Nikaomba nianze na namba.

Namba za miaka ile zinasomeka bila kitabu. Kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kilianza CS149S. C ni gari la kuvutwa na magurudumu mawili. S ya pili ni injini ya silinda sita. Ingezaliwa na V8 ingekuwa E. Moja ni nusu tani, nne ni pikapu, tisa ni 1969, S ya mwisho ni kiwanda cha St. Louis. Basi V8 ile ilipandikizwa baadaye. Nikafungua kisanduku cha dashibodi. Ndani ya kifuniko chake kiwanda kilibandika karatasi ya vipuri, na iliyokuwamo, ingawa imefifia, ilisoma CS10934. Hiyo 109 ni chesisi ndefu, inchi 127 kati ya ekseli na ekseli. Fupi, ya inchi 115, ni 107. Hiyo 34 ni bodi ya nyuma, ya kubebea mizigo, yenye ubavu laini. Yenye madigadi ya nje na kikanyagio ni 04.

Kisha nikasugua chesisi kwa brashi ya waya upande wa abiria, karibu na gurudumu la mbele. Pale namba huwa imegongwa kwenye chuma chenyewe. Kibati cha mlangoni kimeshikwa na riveti mbili tu, mtu anaweza kukihamisha. Ya chesisi haihami. Zilikubaliana, na hati ya gari ikakubaliana nazo. Zisipokubaliana usinunue, hata ukiuziwa kwa bei ya baiskeli.

Baada ya hapo tukaipandisha kwa jeki, tukaikalisha juu ya stendi nne. Uvunguni mwa gari lililoshikwa na jeki tupu haingii mtu. Nikalala chali, tochi mdomoni, bisibisi mkononi, nikaanza kugonga kwa mpini.

Hapo ndipo ninapopakumbuka kuliko pengine pote. Vumbi jekundu lilikuwa limeganda juu ya kila kitu, na kila nilipogonga lilinidondokea machoni. Nilianza na sanduku la chini ya mlango wa abiria. Ti. Inchi tatu mbele, ti. Sanduku lile lina tabaka zaidi ya moja, na huoza kutoka ndani: maji ya mvua hushuka kwenye nguzo za kebini, yakikuta vumbi na majani yameziba matundu ya kutokea yanabaki humo, na kutu ikionekana nje kazi imeshakwisha ndani. Kwa hiyo macho hayatoshi, sikio ndilo linaloamua. Ti, ti, ti hadi pembe ya nyuma. Nikajivuta upande wa dereva. Juu yangu nilisikia viatu vya mzee vikizunguka gari, vikasimama. Hakusema neno, na shemeji naye alinyamaza. Ti. Ti. Kisha chini ya miguu ya dereva, karibu na kanyagio la klachi: bu.

Nikageuza bisibisi, nikasukuma ncha. Ikapenya.

Nikaendelea kugonga kuzunguka tundu ili nijue mpaka wake. Lilikuwa kama kiganja, halikufika kwenye kishikizo cha kebini, pale inapokaa juu ya chesisi. Chanzo nilikijua kabla ya kutoka: chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya hewa, majani huingia humo, hujikusanya kwenye kisanduku cha pembeni mwa miguu, hunyonya maji na kuyashikilia juu ya bati. Vishikizo vya kebini vilikuwa vizima. Vikioza, kebini hushuka na mwanya kati ya mlango na nguzo hupanuka upande mmoja. Kuna njia ya kupima bila kulala chini. Fungua mlango, uunyanyue kwa mkono. Ukicheza, pini za bawaba zimelika, dawa yake ni rahisi. Usipocheza na mwanya bado umekaa vibaya, kebini imekwenda chini.

Nilipotoka, mzee aliuliza jambo moja tu: "Umeona tundu la miguuni?" Alikuwa analijua, akasubiri kuona kama nitaliona. Sijui angeniambia nisingeliona. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na bado sina jibu.

Injini ilichukua muda mfupi. Namba ya bloku iko nyuma, upande wa dereva, kwenye ukingo unaoshikana na giaboksi: 3970010, bloku ambayo kwenye pikapu karibu kila mara ni 350, kama alivyosema. Lakini haikuwa injini ya kuzaliwa nayo, na bei ikateremka kwa sababu hiyo na kwa sababu ya tundu. Kwenye pikapu ya kutengenezea jambo hilo halinisumbui. Anayetaka gari la maonyesho, kila kitu cha kiwanda, angeondoka.

Yaliyofuata ni haya. Sakafu imekatwa hadi bati zima na kuchomelewa kipande kipya. Breki za mbele za dramu zimetoka, na mfumo wote wa mbele wa pikapu ya 1973 na kuendelea, wenye diski, umeingia. Jihadharini hapo: 1969 ina nati sita kwa duara la inchi 5.5, na diski zile zina nati tano kwa duara la inchi 5. Mbele na nyuma havitalingana hadi ubadilishe difu au ekseli. Ekseli za 1971 na 1972 ndizo za kutafuta. Masta silinda, yaani pampu ya breki, nayo lazima iwe ya diski, kwani ya dramu huacha presha kidogo kwenye mabomba, na diski zitaendelea kukwaruza hadi zichemke.

Sasa shemeji anataka tuikate. Chesisi ndefu hufupishwa kwa kutoa inchi 12 katikati na inchi 8 nyuma ya ekseli, bodi ya inchi 98 inakuwa ya 78, na pikapu fupi ndiyo inayotafutwa na kulipiwa zaidi. Hesabu yake ni sahihi. Mimi nimekubali kuishusha, kwa sababu springi na vishikio vya magurudumu hufungwa kwa bolti na siku yoyote vinarudi vilivyokuwa. Nyuma, ukishusha sana, ekseli hugonga chesisi na utalazimika kuikata umbo la C juu yake na kuweka kiimarisho. Kwa hiyo nimesimama kabla ya hapo. Chesisi iliyofupishwa hairudi, na namba ya kisanduku cha dashibodi itaendelea kusoma 109.

Shemeji anasema namba haibebi mzigo. Hatujaelewana.