Wiki niliyowatoa wakubwa kwenye tangi

Nimefuga sikilidi, jamii ya samaki wa mapambo, wa aina kadhaa lakini brichardi ndo waliokaa moyoni, na kila nikiwaona nakumbuka ile wiki moja ambayo niliingiza mkono kwenye mambo yao nikidhani nawasaidia.

Kwa asiyewajua, brichardi ni samaki wa ziwa Tanganyika, mdogo tu, akikua sana anafika sentimita 9 au 10 hivi. Rangi yake imepoa, kahawia iliyopauka, ukimweka karibu na wale mbuna, sikilidi wa manjano na bluu wa ziwa Nyasa, mgeni hamtazami hata mara mbili. Ila subiri afungue mapezi! Mkia una nyuzi mbili ndefu juu na chini, kingo za mapezi zina mstari mweupe unaogeuka bluu taa ikimpiga, na ana namna ya kusimama pale pale kwenye maji bila haraka, kama anakusubiri wewe uongee kwanza.

Nilianza na wadogo sita kwenye tangi la lita 200, mchanga chini, mawe mengi nimeyapanga mpaka yakawa mapango, maji magumu yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) kama 8.5, joto nyuzi 25. Wawili wakapatana wakashika pango la kona wakaanza kuwapiga wale wanne kwelikweli, ikabidi niwatoe niwagawe. Baada ya hapo wakataga mara ya kwanza kwenye dari ya pango, wakalea vizuri, na vifaranga 20 na kitu wakakua mle mle na wazazi wao. Mle ndani kulikuwa pia na julido wawili, wale wembamba wenye mistari, nao wa Tanganyika hukohuko, walikaa kona ya pili na kila mtu na mpaka wake.

Sasa miezi ikapita, wale watoto wakubwa wakafika sentimita 3 au zaidi, na siku moja nikachungulia na tochi nikaona mama ametaga tena. Mayai madogo yamebandikwa juu ya dari, pengine 60, sikuweza kuhesabu vizuri. Furaha niliyokuwa nayo! Alafu nikaona wale wakubwa wanaingia pangoni. Anaingia mmoja, anageuka tumbo juu karibu na mayai kabisa, mdomo unagusa, anatoka, anaingia mwingine. Moyo ukaruka. Nikajua wanakula mayai, maana samaki karibu wote ninaowajua mimi yai akiliona ni chakula, na wapo wanaokula hata ya kwao wenyewe.

Sikungoja. Nilikuwa na tangi dogo la pembeni lenye filta ya sponji iliyokwisha komaa, yaani imeshaota bakteria wa kusafisha maji, nikajaza maji ya tangi lile lile kubwa ili wasipate mshtuko wa joto wala pH, nikachukua wavu nikaanza kuwavua. Ilichukua zaidi ya saa nzima kwa sababu wanaingia kwenye mawe na sikutaka kulibomoa pango la mama. Niliwapata tisa wale wakubwa kuliko wote, wadogo wadogo nikawaacha. Nililala usingizi mzuri siku ile.

Mdogo wangu wa mwisho ndo aliyeona kwanza. Alikuwa anapenda kukaa mbele ya tangi jioni, na siku ya pili yake akaniita, "Dada, njoo uone, mchanga unaingia ndani." Nikamwambia ni mkondo wa filta tu. Akasema, "Lakini jana haukuwa unaingia." Na kweli. Mlango wa pango ulikuwa unajaa, na mama alikuwa anabeba mchanga kwa mdomo anatema nje, anarudi kupepea mayai kwa mapezi, anatoka tena kubeba, hapumziki. Baba yuko mlangoni, julido akija kushoto anamkimbiza, yule wa pili anatokea kulia. Nilikuwa nimekaa na samaki hawa muda wote huo bila kujiuliza kwa nini mlango ule ulikuwa safi kila siku.

Mayai yakaanguliwa siku ya tatu. Nilipowasha tochi niliona mikia midogo inatikisika kwenye mwamba, bado hawajui kuogelea. Asubuhi iliyofuata hakukuwa na kitu hata kimoja, na julido wote wawili walikuwa karibu na pango wametulia. Mama alikuwa bado anaingia na kutoka. Lile lilinikaa kooni siku nzima.

Mimi ni kifungua mimba nyumbani, nimewabeba wadogo zangu wote, na nadhani ndo maana nilipokaa chini kufikiria kile nilichokiona na tochi ile siku ya kwanza nilijisikia vibaya kiasi kile. Wale wakubwa hawakuwa wanakula. Walikuwa wanasafisha mayai na kuyapepea, wanazoa mchanga, wanalinda mlango. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ndivyo brichardi na ndugu zao wanavyoishi hata ziwani, watoto wa uzao wa kwanza wanabaki nyumbani kulea wadogo zao, na wao wanapata pa kujificha, maana mwenye umbo dogo lile akitoka peke yake kwenye mawe wapo samaki wakubwa wanaomsubiri.

Siku ya sita niliwarudisha wote tisa. Nilitegemea wapokelewe tu. Loo! Mama alimfuata yule mkubwa kuliko wote, dume nadhani, akampiga ubavuni, akamfukuza mpaka nyuma ya hita, akamrudia tena na tena mpaka ncha ya chini ya mkia ikakatika. Wengine nao walipata zao lakini yule ndo aliyeumia. Mdogo wangu akawa analia, "Dada mtoe, atamuua," na mimi nimeshika wavu mkononi sijui nifanye nini, maana kumtoa ndo kulikoleta yote haya. Nikapunguza taa, nikaongeza mawe mawili pale nyuma ya hita apate pa kuingia, nikangoja.

Yule samaki hakupigana hata mara moja. Mama akija, anainua kichwa kidogo, mkia unatetemeka haraka haraka, anabaki hapo hapo anapigwa. Kesho yake hivyo hivyo, ila vipigo vilipungua. Siku ya tatu asubuhi nikamkuta kwenye mlango wa pango, mdomo umejaa mchanga, anaupeleka mbali anautema, anarudi. Mama alikuwa sentimita chache tu kutoka kwake na hakumgusa. Nimesoma pia kwamba watafiti waliwahi kuwatoa wasaidizi kwa muda kisha wakawarudisha wakaona jambo hilo hilo, msaidizi aliyekosekana anapigwa akirudi, na baada ya hapo anafanya kazi kuliko mwanzo. Mimi niliyaona kwenye kioo cha nyumbani kabla sijajua kama kuna mtu aliwahi kuyaandika.

Uzao uliofuata sikugusa kitu. Niliwahamisha julido? Hapana, hata hao niliwaacha kwanza, nilitaka kuona. Mayai yakatagwa kwenye dari ile ile, wakubwa wakaingia kwa zamu kama kawaida yao, mchanga ukakaa nje. Mikia midogo ikaonekana, ikapita siku moja, mbili, tano. Julido mmoja akajaribu kusogea jioni, na aliyetoka kumkabili kabla hata ya baba alikuwa yule mwenye mkia ulioota upya, ncha ya chini bado fupi kuliko ya juu, nilimjua kwa hiyo.

Vifaranga walipoanza kuogelea tulikaa mimi na mdogo wangu na tochi moja tukijaribu kuwahesabu. Tulifika 34 tukapoteza hesabu, kwa sababu kaka zao na dada zao walikuwa wanapita katikati.