Tumehamia Zulip

Wiki hii sisi tunaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Arusha, pamoja na wenzetu wa Moshi, tumehamishia mijadala yetu Zulip, programu ya mazungumzo ya makundi, na kwa maoni yangu tulichelewa mno. Katika kundi la zamani la simu, aliyeuliza asubuhi kwa nini programu yake haisomi faili alijibiwa jioni, jibu likiwa limefunikwa na salamu, matangazo ya kazi na picha za harusi, na aliyejiunga baadaye, kwa kuwa hakuona ya nyuma, aliuliza swali lile lile upya.

Zulip, ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya amri zake, uliwekwa wazi kwa wote mwaka 2015, hupanga ujumbe kwa mada ndani ya chaneli, kwa hiyo swali la wiki iliyopita linapatikana mahali pake na jibu lake. Jana dada mmoja wa mtaa wa Sakina alibandika msimbo uliokuwa ukimsumbua, ukatokea na nafasi zake zote za mwanzo wa mistari, ambazo katika Python ndizo zinazoamua amri ipi iko chini ya ipi, na kosa likaonekana papo hapo.

Wanaohofia kelele wanaweza kunyamazisha mada wasizozihitaji. Kundi la zamani tumeliachia matangazo ya mikutano pekee.