Kolekole wa Mlango wa Mikindani

Mwaka 2003 nilikuwa karani mjini Mtwara, kijana mwenye mshahara mdogo na jioni ndefu zisizo na kazi, na katika safari moja ya Dar es Salaam nilikuwa nimenunua fimbo kuukuu ya kuvulia, yenye gurudumu la mshipi na breki ndogo ya kukaza kwa vidole. Mjomba wangu aliyekaa Mikindani aliitazama kwa adabu, akaijaribu ncha yake kwa kidole, kisha akaniuliza nikimpata samaki mkubwa nitamfanya nini. Nilimjibu kwamba nitamla.

"Nyumbani mko wangapi, mjomba?" akauliza, maana kwetu mjomba na mpwawe huitana kwa jina hilo hilo.

Nilimwambia kwamba nakaa peke yangu. Hakuongeza neno, ila aliniagiza nije kulala kwake mkesha wa Sikukuu ya Uhuru, kwa kuwa mwaka ule tarehe 9 Desemba iliangukia siku moja baada ya mwezi mpevu, na ofisi na bahari zilikuwa zimepatana.

Ghuba ya Mikindani imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, hata mgeni anayeitazama akiwa barabarani hudhani ni ziwa la maji chumvi, lakini maji yake yote huingia na kutoka kwa mlango mmoja mwembamba. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa karibu na mwezi mpevu au mwandamo, bahari ya kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maji yanapoanza kupwa, samaki wadogo kama simu, mkizi na vidagaa waliokuwa wamejificha kwenye mikoko hukokotwa na mkondo kuelekea mlangoni. Kolekole wakubwa, samaki wawindaji, huijua saa hiyo bila kutazama kalenda. Husimama nyuma ya miamba, palipo na maji tulivu, wakaukabili mkondo na kungoja riziki iletwe.

Tulifika kabla ya jua, tukashusha nanga ya jiwe pembeni mwa mkondo. Ndani ya ndoo mlikuwa na mkizi hai aliowavua mjomba kwa kimia jioni iliyotangulia, nami nikamtia mmoja ndoana mgongoni, chini kidogo ya pezi, nikamwachia maji yamchukue. Haukupita muda mshipi ulikazika, ukatetemeka, ukalegea. Nilipouvuta niliona ncha imekatwa safi kama kwa wembe.

"Mzia," akasema mjomba, akimtaja samaki mwenye meno makali. Usiku alikuwa amenishauri nitie waya mbele ya ndoana, nami nilikuwa nimepuuza, nikimweleza kwamba nailoni ile ilikuwa ya dukani na imara sana. Sasa hakunikumbusha. Alitoa mfukoni mwa shati kipande cha waya wa breki ya baiskeli, uzi mmoja tu, uliopindwa kitanzi huku na huku, akanifungia mwenyewe.

Wa pili hakutetemesha mshipi. Aliuchukua tu na kwenda zake, gurudumu likalia, nami nikafanya kosa la mtu wa mezani: niliikaza breki. Fimbo ilipinda hadi ncha yake ikazama, mtumbwi ukalala ubavu, na maji yakaingia yakanilowesha magoti.

"Mwachie! Mwachie aende, mjomba, huyo si jalada!"

Niliilegeza breki huku mikono ikitetemeka. Yeye alikuwa ameshatupa majini kamba ya nanga pamoja na dumu tupu lililofungwa mwishoni mwake, ili turudi kulichukua baadaye, na mtumbwi ukaanza kumfuata samaki. Kolekole haruki juu kama samaki wengine wanaopenda kujionyesha. Huinamisha kichwa, akaugeuza ubavu wake mpana kwenye mkondo, na mvuvi huvuta samaki na bahari kwa pamoja. Mara mbili alielekea mwambani, na mara zote mbili mjomba alipiga kafi tukambana upande wa kina. Jua lilikuwa limepanda nilipomwomba anipokee fimbo, kwa kuwa vidole vyangu havikukunjuka tena.

"Samaki ni wako," alisema. "Mimi wangu nimewavua tangu ujana."

Hatimaye alipanda, mweupe wa fedha, na jicho kubwa lililotutazama sisi sote wawili. Mjomba alilowesha gunia akajifunga mkononi kabla ya kumshika shina la mkia, maana hapo kolekole ana safu ya magamba magumu yanayokata kama meno ya msumeno. Alipomlaza ndani ya mtumbwi, samaki alikoroma, mkoromo mfupi mzito, tena na tena. Miaka yote niliyokula samaki sikujua kwamba wana sauti, na nakiri kwamba kwa kitambo kile sikumtazama.

Mizani ya pwani ilisema kilo 21. Mchuuzi mmoja alitaja bei iliyonifanya nihesabu siku zangu za kazi, lakini kabla sijafungua kinywa mjomba alimjibu kwa upole, "Huyu hauzwi. Mpwa wangu amesema atamla." Kisha akanoa kisu. Kichwa kilikwenda kwa mkewe kwa ajili ya supu, na majirani wakaja mmoja mmoja na mabakuli, kila mmoja akinipa pole ya kazi kana kwamba nimetoka shambani.

Jioni nilipanda daladala kurudi Mtwara nikiwa na pande la mkiani ndani ya kapu la ukindu, nimevaa shati nililolipiga pasi kwa ajili ya sikukuu. Kondakta alinusa, akauliza nimenunua kwa kiasi gani. Nilimwambia nimemvua mwenyewe. Aliangalia shati, akaangalia vidole vyangu vilivyofungwa kitambaa, akanitoza nauli ya mzigo.