Kijiti cha mausi kupotea kwenye mandhari ya kijivu: jinsi nilivyotatua

Ukikaa barazani hapa Lamu mchana, mwanga unavyopiga kioo, kile kijiti cha mausi chenye umbo la I hupotea kabisa juu ya kodi, yaani maandishi ya programu ninayoandika. Nimeongeza mwanga wa skrini: wapi! Nimebadili rangi ya kasa (kile kistari kinachoonyesha unapoandika) ndani ya programu ya kuandikia, ikabadilika ile inayopepesa tu, mausi vilevile. Duara linaloonyesha mausi ilipo ukibonyeza Ctrl husaidia sekunde moja, kisha unatafuta tena.

Sababu ni kwamba kijiti hicho hakina rangi yake. Hugeuza rangi iliyo chini yake. Kompyuta hupima rangi kuanzia 0 hadi 255, hivyo kwenye kijivu cha katikati, 128, kinyume chake ni 127, karibu rangi ileile. Utaonaje?

Kwenye Windows 11 bonyeza Windows na U, ingia sehemu ya kielekezi cha mausi na mguso. Mitindo iko minne. Chagua wa mwisho, wa rangi ya kujichagulia. Usiingie sehemu ya kasa ya maandishi, hiyo ni nyingine kabisa. Nimeweka kijani cha ndimu, maana kodi yangu haina rangi hiyo, na ukubwa 2. Ukizidisha, kinafunika herufi.